Mwenye Kofia Nyeupe

"Hii nayo ni historia?" Mzee Ndimande alikigonga kioo cha kompyuta kwa fimbo. "Mtu anachimba kisima, anaokoa mtaa mzima wa Mkhumbane na kiu, halafu anaitwa 'mwenye kofia nyeupe'? Kwani hakuwa na jina?"

Thobile, mkutubi, alijikaza. Wiki ya maktaba, tovuti ya historia ya mtaa, iliandikwa na wakazi wenyewe, kila mtu alijualo. Ukurasa huu uliandikwa na MaCele, muuza magwinya, maandazi ya kukaangwa, wa kituo cha teksi.

"Muuza magwinya!" Ndimande alisonya. Miaka thelathini mkaguzi wa shule, leo asomeshwe historia na vidole vya mafuta! Lakini Ijumaa halmashauri ingeutumia ukurasa huohuo kuchagua jina la ukumbi mpya, naye jina alilolitaka lilikuwa moja tu.

"Andika Mfanawezulu Ndimande. Baba yangu."

"Mzee, MaCele alituomba tusiweke jina."

"Ebo! MaCele ni mjane wa kaka yangu. Mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata wewe mtoto wa juzi unalijua hilo. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Mimi mwana wa damu nalitamka. Andika!"

Thobile alisita. "Huyu mwenye kofia nyeupe yumo katika kurasa nyingine tisa za MaCele. Huzisomi kwanza?"

"Nisome porojo za jikoni? Mimi? Weka jina kote."

"Kote, Mzee? Wiki huhifadhi kila badiliko, pamoja na jina la aliyeliomba. Halifichiki tena."

"Kote! Na langu liweke wazi, wajue nani kawasahihisha."

Thobile akabonyeza.

Ndimande akavaa miwani. Mfanawezulu Ndimande alichimba kisima kwa mikono yake. Naam! Kifua kikamjaa. Akafungua ukurasa uliofuata, wa asubuhi ile watu wa Mkhumbane walipohamishwa kwa nguvu na serikali ya makaburu. Yeye hakuwapo; alikuwa mtoto wa miaka tisa, kwa bibi yake huko Eshowe.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno.

"Polisi hawakuzijua nyumba za viongozi wetu. Mfanawezulu Ndimande ndiye aliyewatangulia, akiwaonyesha kwa kidole, mlango baada ya mlango."