Ukoko wa Bi Salha

Kila nyumba ilikuwa na magurudumu, na hakuna iliyoruhusiwa kusimama mahali pamoja kutwa nzima. Saa yake ikifika, nyumba hupiga honi mara tatu kisha hujiendesha ikaenda zake, uwemo usiwemo.

Ndiyo maana Sikudhani alikula huku jicho moja liko barabarani, ilikosimama nyumba yake. Hapo Kondoa walipewa muda wa saa nne tu, naye akamtoa mwanawe Tunu, mwenye miaka sita, wakale wali kwa mama lishe aitwaye Bi Salha. Tunu hakugusa sahani. Alilishika benchi kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Mama, mbona hapa hapatikisiki? Nasikia kichefuchefu."

"Ndivyo ardhi ilivyo, mwanangu. Kula."

Bi Salha akacheka. "Watu wa magurudumu mna mambo! Haya, ngojeni ukoko ukauke. Mgeni simpi ukoko wangu, lakini nyie leo ni wa hapa."

Sikudhani aliacha kutazama barabara. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita wa mahali popote. Honi ikalia, ikalia tena. Hakuinuka. Potelea mbali, alijisemea, leo tunabaki. Bi Salha akamwekea ukoko kiganjani, wa moto.

Honi ya tatu ilipolia, aligeuka ampe mwanawe kipande. Benchi lilikuwa tupu. Tunu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba iliyoanza kusogea, uso umemkunjuka, anampungia mkono.

"Mama, njoo! Huku kunatikisika!"

Sikudhani akakimbia, ukoko unamuunguza kiganja.