Taa za Kijani

Zamoyoni, fundi wa kompyuta, alipomaliza kuweka toleo jipya la programu, taa zote za mashine inayotunza picha za eksirei za wagonjwa zikawa nyekundu.

“Umeiua!” Mkuu wa hospitali alishika kichwa. “Asubuhi ilikuwa kijani tupu!”

“Ilikuwa inadanganya, bosi. Diski zimekuwa zikifa siku nyingi, ila programu ya zamani ilikuwa na kasoro, ikawa inaficha ubovu huo. Tusimamishe kazi, tuokoe picha zilizobaki.”

“Wakaguzi wanakuja kesho, wewe unaniwashia disko? Rudisha ile ya zamani, mama, kabla kibarua chako hakijaota nyasi.”

Zamoyoni akairudisha. Taa zikawa kijani, ofisi nzima ikapiga makofi. Nesi akaingiza picha ya kifua cha mtoto, na mashine ikamjibu kwa adabu: imehifadhiwa.