Saa Isiyo na Mishale

Kufuli liligoma tena. Safari hii lilijifunga moja kwa moja, na hata ufunguo wake halisi haukulisogeza.

"Springi ya pili imeshuka," Nyundo aliandika. "Bomoa, tuanze upya."

Kitinda alibomoa. Gurudumu, pini, vyuma vinne, kimoja baada ya kingine vikayeyuka kwenye kompyuta aliyoipakata. Ulikuwa mchezo tu wa kujenga, ule ambao wengine huujaza majumba na mashamba. Yeye na Nyundo, rafiki ambaye hajawahi kumwona uso, walijengea humo mashine: pampu ya maji, gia za lori, cherehani iliyoshona kweli. Leo walikuwa wakijenga kufuli la mlango wa chuma, ule uliokuwa mwisho wa koridori, hapo hapo nyumbani kwa kaka yake alikokuja kusalimia.

Alikuwapo siku fundi alipoufunga mlango ule. Ndugu zake wengine walikuwa sebuleni wakinywa soda. Yeye alisimama nyuma ya fundi, akalitazama tumbo la kufuli mpaka likamkaa kichwani.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Nyundo aliuliza.

"Mezani, anamalizia kula."

"Una hakika hii si kesi ya wizi? Mimi nina watoto."

"Alichofungia humo si chake peke yake. Ni chetu sote tuliozaliwa tumbo moja. Yeye amekikalia."

"Si umshtaki polisi?"

"Yeye ndiye mkuu wa kituo."

 Kitinda alidhani Nyundo amemkimbia. Kisha gurudumu jipya likatokea katikati ya skrini, na kazi ikaendelea.

Gurudumu lile, ambalo nje ya mlango lilishikwa kama usukani, lilisukuma vyuma vinne vya mlango: juu, chini, kushoto, kulia. Pini ndogo ililizuia lisizunguke, na ufunguo haukuwa na kazi nyingine ila kuinua pini hiyo. Kwenye mlango wa kweli skrubu moja ilikuwa imedondoka na kuacha tundu la kupitisha waya. Kwa hiyo pini iliinulika. Tatizo ni kwamba kila walipoiinua, springi ya pili ilishtuka, ikashuka, kufuli likafa ganzi.

"Nikikosea kule ndiyo basi," Kitinda aliandika. "Hakuna kurudia. Na atajua ni mimi."

"Mtu mzima, mke wa mtu, bado unacheza vya watoto?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, sahani iliyofunikwa mkononi. Kitinda hakuwahi kufunika skrini. Kaka akainama.

"Nini hiki?"

"Saa, kaka. Ya ukutani."

Aliitazama. 

"Mbona haina mishale?"

"Mishale huwekwa mwisho."

Kaka akacheka. "Ungekuwa na akili hiyo shuleni! Haya, mama anakusalimu. Huko shamba kwa mamdogo mtandao ni wa kubahatisha, ila anaendelea vizuri. Akishaweka dole gumba kwenye hati tu tunaiuza ile nyumba yake, nawe ununue kompyuta ya maana."

"Nami msalimie."

"Zitafika."

Akaendelea na koridori yake, funguo zikilia kiunoni. Aliporudi mikono mitupu alipitiliza mpaka kwenye kochi, akajinyoosha. Wifi akaaga kwamba anakwenda saluni. Haukupita muda, mkoromo ukaanza.

"Nimeona!" Nyundo aliandika. "Tunainua pini huku tunalivuta gurudumu kwenye kufungua. Pini inabanwa, inachomoka kwa kishindo, springi inashtuka. Lisukume kwanza kwenye kufunga. Kidogo tu. Ukisikia pini imelegea, inua taratibu. Ndipo uzungushe."

Kitinda alijaribu. Vyuma vinne vikarudi ndani kwa pamoja, laini kama kisu kwenye siagi. Akajaribu tena. Na tena, mpaka mkono ukajua bila kuambiwa.

"Nenda," Nyundo aliandika. "Kabla mimi sijaingiwa na woga."

Alivua viatu. Waya alikwishaunyoosha kutoka kwenye henga ya kabati. Alipofika katikati ya koridori, mkoromo ukakatika.

"Nani huyo?"

"Mimi, kaka. Naenda chooni."

Alisimama mguu mmoja mbele, kama mtu aliyepigwa picha. Kochi lilinung'unika, kaka akageukia upande wa pili. Kitinda hakupumua mpaka mkoromo uliporudi.

Mlango ulikuwa wa baridi. Aliingiza waya tunduni kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto akakamata gurudumu na kulisukuma kwenye kufunga. Chuma kikaguna. Jasho lilimwingia jichoni, akaliacha. Akatafuta pini kwa ncha ya waya, akaikosa, akaikosa tena, akaipata. Ilikuwa imekaza.

Akasukuma gurudumu zaidi kidogo. Pini ikalegea.

Akainua taratibu. Kitakachofuata kingekuwa ama mshindo wa springi ama ukimya.

Kikawa ukimya. Akazungusha, na vyuma vinne vikatoka ukutani kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamebana pumzi. Mlango ukaachia upana wa bega, harufu ya chumba kisicho na dirisha ikamjia usoni. Ndani kulikuwa giza. Kitinda akapiga magoti kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Usivae viatu. Kaka amelala."