Mstari Juu ya Jina la Mama

Bi Nunu, jirani, alidai amesoma kwa macho yake kwenye ukurasa wa mtandaoni wa chama cha wasuka mikeka kwamba mama yake Saumu amefariki. Akaja kuhani amejitanda kanga, analia, akafunguliwa mlango na marehemu mwenyewe, ukili mkononi.

Saumu alimkuta Hamdani, fundi wa ukurasa, akikoleza rangi ya mstari unaotenganisha wanachama walio hai na waliotangulia.

"Ushushe chini ya jina la mama."

"Dada, ni mstari tu. Kwenye kompyuta naandika herufi mbili, unatokea."

"Basi herufi mbili zako zimemzika mama yangu mzima."

"Lakini umeona ulivyopendeza? Nimeutia nukta."

"Ushushe, Hamdani."

Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukageuka dhahabu, palepale ulipokuwa.