Benchi la Wazee

Nilimwamkia shikamoo kwa sababu mvi zilikuwa zimemjaa hadi kwenye nyusi. Akaitika marahaba polepole, kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji.

Nikamketisha kwenye benchi la wazee. Hapa kliniki, waliovuka miaka sitini hawadaiwi kitambulisho. Wengine wote wasipokuwa nacho hurudishwa. Kazi yangu ni usafi, ila watu wakijaa nesi hunipa daftari niwaandikishe wa benchi hilo.

"Babu, una miaka mingapi?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. "Babu wa nani, dada? Thelathini na moja."

Nikadhani ananitania. Pazia la dirisha lililo nyuma yetu lilijaa upepo likatufunika wote wawili kwa mwanga mweupe, na sauti za foleni zikawa mbali. Ndipo nikaziona kope zake. Zilikuwa nyeusi tii, ndefu, zimejipinda. Ujana wake wote ulikuwa umebaki pale.

"Unalala wapi?"

"Stendi. Kule mimi kweli ndiye mzee. Walionizidi umri wamekwisha wote, kwa kikohozi hikihiki."

Pazia likarudi dirishani.

"Sina kitambulisho," akasema, akaanza kuinuka. "Basi niende zangu, nisikuponze."

Nesi akachungulia mlangoni. "Huyo babu ana miaka mingapi?"

Nikamshika bega, mifupa mitupu, nikamkalisha.

"Sitini na tatu," nikajibu. "Na ndiye aliyefika wa kwanza."