Majani Nyuma ya Kipepeo

Picha ilionyesha robo tatu ya kipepeo na kidole gumba kizima cha Nicanor kinyozi.

“Wataalamu, huyu nani?” aliuliza kwenye kundi la simu la wapiga picha wa mimea na wadudu wa bondeni.

“Kucha chafu, dume,” mmoja akajibu.

Doña Hermelinda, bibi mwanakundi, alikuza picha mpaka kipepeo akatoka kwenye kioo. Nyuma yake, kilima kizima kikiwa kimekauka kau, palikuwa na kiraka cha mchicha pori, kijani kibichi, urefu wa mtu aliyelala.

“Ni kipepeo malkia,” aliandika. “Hongera, mwanangu. Sasa nipigie picha hayo majani, uniambie ni wapi.”

Utani ukakatika. Kila mtu alijua kwa nini anauliza. Mwaka wa nne sasa alikuwa akimtafuta mwanawe Rutilio, aliyeshushwa basini na wenye bunduki. Serikali ilimpa fomu. Mchicha ulimpa zaidi: huo hupenda udongo uliowahi kuchimbwa.

Jumamosi walipanda kilima alichotaja Nicanor, kina mama saba waliopotelewa na watoto, makoleo begani, burito, chapati za kuviringishia maharage, mfukoni. Ndiyo ilikuwa ibada yao: kila Jumamosi kuchimba, kila Jumamosi kufukia, ng'ombe wa watu wasije wakavunjika miguu.

“Shoga, nikimpata wangu kwanza usininunie,” alisema Casimira.

“Ukimpata wangu, mwambie supu imepoa na mamake kakasirika,” Hermelinda akajibu.

Walicheka sana, kama watu wasio na kitu kingine cha kufanya.

Kwenye mchicha, Hermelinda alisukuma fimbo ya chuma ardhini. Ikazama kama kwenye donge la unga.

“Laini,” alinong'ona. “Hapa pamechimbwa.”

Wote wakapiga ishara ya msalaba.

Alikataa kusaidiwa. Kwenye kina cha goti, koleo likanasa kitambaa. Casimira akamshika mabega. Hermelinda akapiga magoti, akapangusa udongo kwa vidole, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Kikatokea kidole. Kikatokea cha pili.

Ilikuwa glavu ya kazi, tupu. Kwenye kifundo, kwa wino uliofifia, paliandikwa jina: Hermelinda.

Mwandiko ulikuwa wake. Shimo pia, la Jumamosi fulani waliyoisahau.