Mshale Umegoma

Mshale wa geji ya oili ulishuka karibu na sifuri, na Uledi hakushtuka. Gari la marehemu baba yake lilikuwa na kawaida hiyo: likipata moto na kusimama kwenye foleni, presha inashuka, ukikanyaga mafuta, inapanda.

Akakanyaga. Injini ikanguruma, mshale haukusogea.

Akagonga kioo cha geji kwa ukucha. Wapi!

“Mbona unaduwaa?” Shangazi alifoka kutoka kiti cha nyuma, alikokaa na bibi harusi, dada yake Uledi, aliyefunikwa gubigubi. “Ukumbi mtaa wa pili tu!”

“Shangazi, oili haipandi. Nisipozima sasa hivi, injini inakufa.”

“Uzime hapa Kariakoo? Wamachinga wamwone bibi harusi kabla ya mumewe? Mji mzima utatusema! Endesha!”

Chini ya boneti kitu kikaanza kugonga, ko, ko, ko. Nyuma honi zikalia.

Uledi akashika ufunguo, akamtazama dada yake kwenye kioo.

“Zima, kaka,” sauti ikatoka ndani ya shela. “Baba hakutuachia kingine.”

Akazima.

Mlango wa nyuma ukafunguka, na mguu wenye hina ukakanyaga lami.